Bi Moshi na Sensa ya Gari la Mkunga

Ukimtafuta Bi Moshi kazini, utakutana na miguu yake kwanza. Sehemu iliyobaki iko chini ya gari, na sauti inatoka huko huko, mara inadai isogezewe nyundo, mara inamkemea mwenye gari aache kutia chumvi, bomba halijaoza lote, limeoza nusu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mama wa pacha walioanza kumpita kimo, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amechomelea mabomba ya moshi katika gereji ya kaka yake. Jina la Bi Moshi alipewa na wateja, naye akalipokea bila kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho kwa jambo lingine.

Kaka yake aliitwa Daktari, kwa sababu alizipima injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma kinachonguruma na mpini sikioni, macho ameyafumba, na mteja amesimama pembeni hathubutu hata kukohoa. Akishamaliza kusikiliza, alimgeukia mteja na kusema maneno yale yale aliyoyasema tangu gereji ifunguliwe: "Injini ni mimi. Bomba ni huyo." Na "huyo" alielekezwa kwa kidevu, hata kidole hakupewa. Sijui wewe ungevumilia mara ngapi. Bi Moshi alivumilia miaka yote hiyo, huku moyoni akiitaka injini kama mtu anavyotaka maji.

Maana injini alizijua. Kila kilicholiwa huko juu kilipita mlangoni kwake. Akikata bomba na kulichungulia ndani, rangi ya masizi ilimwambia gari lipi linakunywa petroli kupita kiasi na lipi linanyimwa, na mara nyingi alimwambia kaka yake. Daktari alimjibu kwamba masizi ni masizi, aendelee na kazi.

Kwa hiyo dereva mmoja wa mashindano alipostaafu na kumletea kiboksi, shukrani kwa mabomba aliyokuwa amemtengenezea, Bi Moshi nusura apige vigelegele mbele ya watu. Ndani mlikuwa na sensa ya oksijeni, kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, chenye hesi, yaani mikato ya skrubu, upande mmoja na mkia wa waya upande wa pili, pamoja na kifaa cha kuiunganisha na laptopu na karatasi ya maelezo. Unaifunga kwenye bomba la moshi, nayo inaonja moshi na kupima hewa iliyobaki baada ya petroli kuungua. Laptopu inaandika kila inachoambiwa, mara kumi kwa sekunde, na ukirudi unaweza kuisoma safari nzima, kila kona na kila mlima. Namba yenyewe si ya kutisha: injini iliyotulia inataka kilo kumi na nne na ushee za hewa kwa kilo moja ya petroli. Namba ikipanda, injini ina njaa. Ikishuka, imelishwa hadi kuvimbiwa.

Mumewe, fundi cherehani, aliikuta sensa imelala juu ya meza ya chakula, imefunikwa kwa kitambaa alichokuwa amekikata kiwe mfuko wa suruali ya mtu.

"Mama Pacha, na huyu mgeni anakula nini, nimpakulie?"

"Anakula moshi."

"Basi kwangu atalala njaa. Mimi sivuti."

Bi Moshi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa na furaha ya kitoto wiki ile, na hakuona sababu ya kuificha. Alichokosa kilikuwa gari la kuifungia, kwani Daktari alikuwa ameshasema wazi kwamba takataka ile isikaribie gari la mteja wake.

Gari lilikuja lenyewe siku ya Alhamisi. Lilikuwa la Sista, mkunga aliyewapokea pacha wa Bi Moshi na nusu ya watoto wa mtaa ule, gari dogo la zamani lenye kabureta na buti refu lililojaa pamba na beseni. Sista alishuka amefura.

"Daktari, nimechoka. Kila Jumapili nikipanda zahanati ya juu, gari linanifia katikati ya mlima. Nakaa dakika kumi na kitu, linawaka tena. Nimelipeleka kwa mafundi watatu. Kwao halifi! Linapanda kama mbuzi, kisha wananitazama mimi kana kwamba ndimi mwenye kasoro."

"Hata mimi nimelipandisha mara mbili mwezi uliopita," Daktari akasema. "Halikufa."

"Jumapili iliyopita lilikufa nikiwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Tumekaa pale kando ya barabara, mimi nampangusa jasho yeye, yeye ananipangusa mimi."

Daktari akachomoa bisibisi, akafumba macho, akasikiliza. Alipofumbua, alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Valvu imechomeka. Jumamosi nafungua injini. Wiki tatu."

"Wiki tatu! Huko juu nina wajawazito sita. Nani atawapandia?"

Hapo miguu iliyokuwa chini ya lori la jirani ikaanza kujikokota, na Bi Moshi mzima akatokea, amejaa kutu kwenye nyusi.

"Kaka, kabla hujafungua, nipe siku moja. Niifunge sensa, tujue linakufa kwa nini."

"Mimi nimeshajua."

"Umesikia. Mimi nataka kuona."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri tairi zao wakageuka kusikiliza. Daktari aliwaona, na ndipo akasema neno ambalo pengine wakiwa peke yao asingelisema.

"Haya. Nakupa mpaka Jumamosi jioni, na injini uishike mwenyewe, sikuzuii. Ukipatia, tutaongea habari za wewe na injini. Ukikosa, nafungua mimi, na kuanzia siku hiyo sitaki kukusikia ukitaja kitu chochote kilicho juu ya bomba. Si leo, si kesho, si uzeeni. Umekubali?"

"Nimekubali," akasema Bi Moshi.

Ijumaa alifika gereji kabla ya mwenye gereji. Alilipandisha gari juu ya mawe na jeki, akachomoa betri ili umeme wa kuchomelea usije ukaunguza kitu, akajilaza chali. Bomba la mbele alilifahamu, alilitengeneza mwenyewe miaka mitatu nyuma. Lilishuka kutoka kwenye injini, likapinda chini ya miguu ya dereva, kisha likanyooka kwenda nyuma. Hapo baada ya kupinda ndipo palipokuwa na nafasi. Alitoboa tundu, akalikwangua kingo likang'aa, akaweka nati nene ya kushikilia sensa. Nati aliiinamisha upande wa juu, kwa sababu sensa ikilala chini ya bomba hunyweshwa maji ya moshi na kufa mapema. Na kabla ya kuchomelea aliifunga boliti ya zamani ndani ya ile nati, moto usije ukazipinda hesi zake. Mambo haya hakufundishwa na mtu. Aliyasoma kwenye karatasi ya dereva wa mashindano hadi karatasi ikachanika mikunjo.

Nati ilipopoa alitoa boliti, na hesi zilikuwa salama kabisa. Aliunganisha waya, mmoja wa moto kupitia fyuzi, mwingine wa kwenda kwenye chuma cha gari, akazifunga zote mbali na bomba zisiungue. Karatasi ilisema sensa ionjeshwe kwanza hewa ya kawaida ili iijue. Basi akaining'iniza nje ya gari, ikapata moto, laptopu ikawaza, kisha ikaandika kwamba imeitambua hewa. Bi Moshi aliishangilia peke yake, kama uwanja mzima, mikono juu.

Ilipofika saa nne sensa ilikuwa mahali pake na gari linanguruma. Daktari, hata kama hakuamini, hakuacha desturi yake: alimimina lita mbili za petroli kwenye tangi. Hiyo ilikuwa sheria ya gereji, gari la watu halitoki getini kwenda majaribio kabla ya kuongezwa lita mbili, lisije likaishiwa njiani fundi akachekwa mji mzima. Wakazunguka mtaa, Daktari usukani, Bi Moshi na laptopu mapajani. Namba ikasimama kwenye kumi na saba. Wakarudi, ikawa kumi na saba na nusu.

"Njaa!" Bi Moshi alipiga kelele kabla gari halijasimama. "Lina njaa, kaka! Si valvu! Linanyimwa petroli!"

Alifungua kabureta kwa mikono yake, mara ya kwanza katika maisha yake mbele ya watu. Akatoa jeti, ile shaba ndogo yenye tundu linalopimia petroli, akaweka yenye tundu kubwa zaidi.  Fundi wa tairi alikuja kutazama. Daktari alikunja mikono tu.

Walipowasha, gari likakohoa, kisha likatoa wingu jeusi lililovuka ukuta na kutua kwenye shuka za jirani. Jirani alitokea akiwa na shuka mkononi na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Daktari akazima injini, akafungua plagi moja, akaiweka kwenye kiganja cha dada yake. Ilikuwa nyeusi tii, imelowa.

"Hii ndiyo njaa?" akauliza kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi ya jirani.

Bi Moshi aliigeukia laptopu. Skrini ilikuwa bado inasema kumi na sita. Plagi ilikuwa inasema vingine, na plagi hakuwahi kuiona ikidanganya. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, akajibu salamu za pacha nusu nusu, akakaa mbele ya chakula asikiguse. Mumewe aliacha cherehani, akaja kukaa upande wa pili wa meza.

"Kimekula nini leo, chuma chako?"

"Kimenila mimi."

Alimweleza yote. Fundi cherehani hakujua tofauti ya kabureta na kikaango, lakini alikuwa msikilizaji. Mwisho akasema, "Mimi nguo ikigoma kumkaa mtu, simlaumu mtu na silaumu futi. Naangalia nilipima nikiwa nimesimama wapi." Bi Moshi akamwambia aende zake na futi yake. Lakini usingizi ulipomjia, alikuwa anaifikiria sensa pale ilipo, na kila kitu kilichokuwa mbele yake kwenye bomba.

Asubuhi ya Jumamosi aliliwasha lile gari likiwa bado baridi, akalala chini yake, akatazama. Na hapo, kwenye pindo la bomba, palikuwa panadondoka maji. Tone. Tone. Yalitoka kwenye kitundu chembamba kuliko njiti ya kiberiti, na kitundu kile kilikuwa chake.

Lazima nieleze. Bomba la moshi huingia maji, na maji hukaa kwenye pindo la chini na kulila chuma taratibu. Kwa hiyo Bi Moshi, kila bomba alilolitengeneza, alilitoboa kitundu pale pindoni maji yadondoke. Mafundi wengine hawakufanya. Mabomba yao yalioza, yake yalidumu, na kitundu kikawa sifa yake. Wateja walikuwa wakiinama kukitafuta kabla ya kununua gari mkononi mwa mtu. Sasa alichovya brashi kwenye maji ya sabuni, akapaka. Povu likavimba, likafyonzwa ndani, likavimba, likafyonzwa. Kitundu kilikuwa kinatoa moshi na kuvuta hewa ya nje, na hiyo hewa ilikuwa inapita moja kwa moja mbele ya sensa. Sensa haikudanganya. Ilionja hewa, ikasema hewa. Aliyeiingiza ni yeye.

Uso ulimwaka pale chini. Angeweza kukiziba kimya kimya, na asingejua mtu. Nisikufiche, wazo lilimpitia, likakaa kidogo, likavuta hata kiti. Kisha akasikia viatu vya kaka yake getini, akatoka.

"Kaka, namba za jana zilikuwa za uongo. Kosa ni langu. Kitundu changu kile cha maji kinavuta hewa mbele ya sensa. Nilifurahi mno, sikukagua."

Daktari alimtazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akaita fundi wa tairi aje naye acheke.

"Miaka yote unajisifu na tobo lako! Leo limekuumbua!"

"Limeniumbua," akasema Bi Moshi. "Lakini jioni bado haijafika."

Alikichomelea kitundu mwenyewe, akairudisha jeti ya zamani, akasafisha plagi zote nne. Wakawasha. Namba ikashuka, ikapepesuka, ikakaa kumi na nne kasoro. Wakazunguka mtaa: kumi na nne. Wakapanda kilima kidogo cha sokoni: kumi na tatu, sawasawa kabisa kwa gari linalopanda. Hakuna njaa, hakuna shibe. Gari zima kama sarafu mpya.

"Basi," Daktari akasema. "Petroli iko sawa. Kilichobaki ni valvu. Niletee sanduku la spana."

Bi Moshi aliona injini ile inakwenda mbali naye hatua kwa hatua. Lakini kichwani alikuwa anayarudia maneno ya Sista. Kwao halifi. Kwangu linakufa.

"Kaka, hatujalijaribu gari la Sista. Tumejaribu gari letu. Aje aendeshe mwenyewe, njia yake, mizigo yake, mwendo wake, wala tusiongeze kitu wala kupunguza. Hata zile lita mbili usimimine. Tangi liko nusu, linatosha kwenda na kurudi."

"Sheria ya gereji..."

"Leo tu."

Daktari alisonya, lakini jioni ilikuwa mbali na watu walikuwa wanasikiliza. Sista aliitwa, akaja na maboksi yake ya pamba na ndoo ya dawa ya kusafishia. Bi Moshi alikaa mbele na laptopu. Daktari alisukumwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni, ndoo ameipakata, bisibisi imemtoka mfukoni. Sijui kama kuna daktari aliyewahi kusafiri vibaya kuliko yule.

Barabara ilikuwa tambarare kwa nusu saa, ikipita kwenye kiwanda cha matofali na mashamba, na namba zilikaa mahali pake kwa adabu. Mlima ulipoanza, Sista akaweka gia ya pili. Kona ya kwanza, kumi na tatu. Kona ya pili, kumi na tatu na nusu. Bi Moshi alikuwa anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Kona ya tatu, kumi na nne. Kumi na nne na nusu. Kumi na tano.

"Inapanda," akasema, na sauti ikambadilika. "Namba inapanda! Sista, usiachie mafuta, kanyaga! Kumi na tano na nusu. Kumi na sita!"

"Linaanza kuchoka," Sista akasema. "Ndivyo linavyoanza."

"Kumi na saba. Kumi na nane!"

Gari likatetemeka, likapiga kwikwi mara tatu, likafa kando ya barabara. Wakati mwenye gari ameinamia usukani amekata tamaa, Bi Moshi alikuwa anaruka ruka kwenye kiti, laptopu inataka kumwanguka.

"Limekufa! Limekufa na sisi!"

"Wewe nawe," Sista akasema. "Msiba wangu ndio sherehe yako?"

Daktari alijichomoa kwenye ndoo, akaenda kufungua boneti. "Valvu hizo. Zimeshika moto."

"Kaka, njoo utazame." Bi Moshi aliweka laptopu juu ya boneti na kumwonyesha mstari. "Valvu iliyochomeka ingesumbua tangu getini. Hii imekaa sawa nusu saa nzima, kisha namba imepanda polepole, dakika mbili, bila kuruka. Petroli ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Kuna kitu kinainyima."

"Kitu gani? Pampu nimeipima. Chujio jipya. Tangi nusu."

Bi Moshi aliivuta laptopu karibu. Aliusoma tena mstari, akausoma mara ya pili. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Zile mara mbili ulizolipandisha mwezi uliopita, ulimimina lita mbili?"

"Sheria ni sheria."

"Na wale mafundi watatu, wana sheria kama yako?"

"Fundi gani mwenye akili analitoa gari la watu bila kuongeza mafuta?"

"Kwa hiyo kila aliyelijaribu alifungua kwanza mfuniko wa tangi. Leo tu haukufunguliwa."

Alizunguka nyuma ya gari, miguu inamtangulia. Akazungusha mfuniko wa tangi, ukatoka kwa urahisi, ulikuwa umelegea. Chini yake, mdomo wa tangi ulikuwa umevishwa glovu ya hospitali, imevutwa ikakaza, na vidole vyote vitano vimefyonzwa ndani vikaelekea chini. Bi Moshi alipitisha ukucha ukingoni, akainyanyua.

Fyuuuuu.

Tangi lilivuta hewa kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea. Wote watatu waliisikia. Lilivuta, likavuta, kisha likatulia.

"Hiyo glovu," Sista akasema taratibu, "ni yangu."

"Inafanya nini hapa?"

"Mfuniko wa zamani ulipotea. Niliopata haukazi, harufu inaingia ndani, na wajawazito wakinusa petroli wanatapika mpaka tunafika. Nikaziba kwa glovu. Kila Jumapili nikishaweka mafuta naweka mpya."

Bi Moshi alimgeukia kaka yake. "Na wewe uliiona?"

"Niliiona," Daktari akasema. Alionekana anatafuta mahali pa kuweka mikono. "Naitoa, namimina, nikirudi kutoka majaribio ndipo naivisha tena vizuri. Nilidhani ni usafi wa kihospitali."

Sista ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bi Moshi, na walicheka wameshikana mabega mpaka machozi yakawatoka. Injini ilinyonya petroli, tangi halikuwa na pa kuvutia hewa ya kujaza nafasi, na kadiri gari lilivyokwenda ndivyo tangi lilivyoing'ang'ania petroli yake, mpaka pampu ikashindwa. Gari likikaa dakika kumi, hewa inapenya kidogo kidogo ukingoni mwa glovu, linawaka. Fundi akiitoa glovu kuongeza lita zake mbili, na kuirudisha akishamaliza majaribio, ugonjwa unapona kabla hajauona.

"Mfuniko mpya, wenye kitundu cha kupumulia," Bi Moshi akasema. "Leo tupande madirisha wazi. Sista, washa."

Liliwaka mara moja. Namba ilianzia kumi na tatu na haikuondoka hapo. Kona ya nne, kona ya tano, lile korongo ambalo Sista alikuwa analiogopa, gari lilipanda na kupanda, na Bi Moshi alizisoma namba kwa sauti kubwa zaidi kila kona, wala hazikuwa na jambo jipya, zilikuwa kumi na tatu tu, kumi na tatu, kumi na tatu. Alikuwa na hamu ya kuimba. Nyuma, Daktari mara mbili alishika kiti cha mbele akainama kuitazama skrini juu ya bega la dada yake.

Walifika uwanja wa zahanati bila kusimama. Wanawake wawili wenye matumbo makubwa walinyanyuka kwenye benchi na kuanza kupiga makofi, na Sista akazima injini, akabaki ameshika usukani kana kwamba haamini. Kisha akageuka nyuma, kwa mtu aliyekuwa amezoea kumuuliza.

"Daktari, sema tu ukweli. Injini bado ifunguliwe?"

Daktari alifungua mdomo. Bi Moshi alimsubiri, mikono imekaza kwenye laptopu, kwa sababu jioni ilikuwa bado haijafika na neno la mwisho lilikuwa bado la Daktari. Kaka yake aliichomoa bisibisi mfukoni, akaiweka ndani ya ndoo.

"Muulize fundi wa injini," akasema, na safari hii alielekeza kwa mkono wote. "Mimi leo nimekuja kama abiria."

Bi Moshi aliifunga laptopu. Akamgeukia Sista.

"Isifunguliwe," akasema.